Waya wa Nyuma ya Migomba

Baba Khairat,

Nimekwenda Wete na fundi kuchukua paneli ya sola. Friza usilifungue, barafu za watu hazijaganda. ~~Wali umo jikoni.~~ Wali nimewapa kuku.

Kila siku waniambia friza langu ndilo linalokula umeme. Basi leo asubuhi nilizima kila kitu, na friza pia, lakini taa ya mita ikawa bado yapepesa. Nikaufuata waya nyuma ya migomba mpaka kwa mke mwenzangu. Nikamkuta Mwatima anaipiga pasi kanzu yako ya Ijumaa, kwa umeme ninaoununua mimi!

Sola naifunga kwangu tu. Yeye kanzu zako azitie chini ya godoro, azilalie mpaka zinyooke.

Waya fundi ameshaukata. Nimeukunja, uko kitandani, upande wangu. Lala nao.

Mama Khairat, mke mkubwa