Mkwe Wangu Yumo Kwenye Kundi

Dada Tenele mpendwa, naomba msaada, na ujue sijazoea kuomba. Shule niliishia darasa la pili lakini watoto sita nimewalea kwa mkono huu. Nina virusi mwaka wa kumi na moja sasa na nyumbani hakuna anayejua, hata binti yangu Phetsile anajua tu mama ana presha. Nesi wa kliniki aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la sisi tunaomeza dawa, majina ni ya kubuni, mimi wananiita Gogo kama bibi yeyote wa huku kwetu, na kila saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa natuma sauti, "Amkeni, wavivu nyie, mezeni kabla sijaja na mwiko," nao wanajibu mmoja mmoja kwa sauti zao, na asiyejibu namsema mpaka ajibu. Yumo kijana anajiita Mkhonto, anakata miwa Lubombo, analala na wanaume wanane chumba kimoja, dawa anazificha kwenye soksi, alishaacha mara mbili akalazwa, mke wake anajua na amepimwa yuko salama ila yuko mbali, na aliniambia, "Gogo, sauti yako ndiyo inayonisukuma."

Sasa Dada, mume wa Phetsile alikuja kututengenezea zizi, na kwa kuwa ni mkwe nikajifunika blanketi nikakaa jikoni, maana miaka minne ya ndoa sijamsikia akisema zaidi ya salamu ya chini chini, ila siku ile hakujua niko karibu, akawa anambembeleza fahali, "Taratibu, baba, taratibu," na kicheko kile, na kikohozi kile, Dada, ni Mkhonto. Mtu nisiyepaswa hata kumtazama, nimemwambia makalio yake mazito kama ya kiboko.

Tangu hapo sijatuma sauti, siku kumi na sita. Wengine wanauliza kama nimekufa. Jumapili Mkhonto kaandika kwamba hajameza tangu Gogo aliponyamaza, na anaona haya kwenda kliniki. Nikisema, Krismasi akija ataitambua sauti yangu, atamwambia Phetsile, na heshima yangu imekwisha. Nikinyamaza, atakuja na virusi vimepanda, amwambukize mwanangu, au afe, na mimi nilijua. Silali. Jana nimehesabu vidonge vyangu, vimezidi vitatu. Nifanye nini? Usinizungushe.

Gogo, Shiselweni

*

Gogo, pole, hofu yako naielewa. Sasa vumilia nikugombeze, maana naona umezoea kugombeza wengine tu.

Siku kumi na sita unalinda heshima, na heshima hiyo inakaribia kuua watu wawili. Vidonge vitatu vilivyozidi ni vyako, si vya mkwe. Ulidhani ni wewe unayewabeba wale vijana, kumbe na wao walikuwa wanakumezesha.

Desturi naijua, nami nina mkwe. Imekukataza kumtazama na kula mbele yake. Haijakukataza kumtaka aishi.

Kesho saa kumi na mbili tuma sauti, kwa ukali ule ule. Usimwambie unamjua, na Phetsile usimwambie neno. Yaliyosemwa kwenye kundi yabaki kwenye kundi. Mwambie ameze cha siku hiyo, asirudishie vya nyuma, na wiki hii aende kliniki aseme ukweli, apimwe wingi wa virusi. Mpaka majibu yatoke, kwa mkewe ni kondomu. Ndiyo, utalitamka neno hilo, watoto sita hukuwapata sokoni. Nawe nenda kwa nesi umweleze hivyo vitatu. Kisha watafute wawili wa kupokezana nawe kuamsha watu, maisha ya kundi zima yasining'inie kwenye koo moja.

Na kama Krismasi ataijua sauti yako? Atanyamaza, Gogo. Huyo ni mkwe. Kunyamaza mbele yako ndiyo kazi aliyofundishwa.