Chupa ya Uji
Mtaani Buxton, Jumapili, Agosti 1995

Bado nimemkasirikia Mama Neema. Kila tukienda hospitali na akina mama wa kanisa, yeye huwaombea wagonjwa, mimi hubeba chupa ya uji. Ndivyo nipendavyo, maana mbele za watu ulimi huwa mzito.

Leo kanishika bega kando ya kitanda cha mgonjwa wa kwanza: "Dada, omba wewe. Sauti imenikauka." Uongo. Asubuhi kaimba kutushinda sote.

Nikaomba harakaharaka, hata jina la mgonjwa nikalisahau. Nikachukua chupa nitoroke.

Bibi wa kitanda cha pili, Mwislamu wa mtaa wa Bondeni, akaniita: "Mwanangu, mbona mimi waniruka?"

Nikammiminia uji. Hakuugusa. Alifumba macho, akakunjua viganja kama wa kuombewa, akangoja.

Nikaiweka chupa chini.