Usukani Mwepesi wa Anaeli

Nkoaranga, Jumapili

Shemeji Gadiel,

Shikamoo. Huku tu wazima. Kahawa imeanza kuiva, na ndizi hizi Mama amekuchagulia mwenyewe.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba ni ndogo na mdogo wako Anaeli anasikia kila kitu. Ameifufua ile pikipiki ya mbio iliyomvunja mguu. Sasa anasema usukani wa chuma ni mzito, unamchelewesha. Jana nilimkuta uani na msumeno, anakata gongo moja kati ya yale aliyotembelea alipoumia, ili atumie bomba lake la alumini kutengeneza usukani mwepesi.

"Lilinibeba mwaka mzima," akacheka. "Litashindwa kunifikisha hapo Usa tu?"

Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa namshika akitembea. Najua lilivyokuwa likilalamika chini yake, na huo ulikuwa mwendo wa kwenda chooni tu.

Mpigie, wewe anakuogopa. Usimwambie nimekuandikia.

Gongo la pili nimelificha darini. Nalala nikijiuliza kama nimelificha asilikate, au nimemtunzia.

Mimi shemeji yako,
Sabina