Kuku Tuliyempeleka Mengo

Mama Akello,

Nisamehe kwa kunyamaza muda mrefu. Tangu tukuzike nimeketi mezani mara nyingi, nikaandika jina lako, kisha nikashindwa kuendelea. Leo nina jambo nisiloweza kulibeba peke yangu.

Binti yetu anataka kuolewa na Sulaiti, Mwislamu wa Kibuli, muuza vitambaa. Sijakubali wala sijakataa. Nilitaka kwanza kumtazama, naye akatualika tutembelee kasri la Kabaka kule Mengo. Miaka yote niliyovaa sare ya polisi nilipita nje ya ukuta ule, sikuwahi kuingia.

Langoni Akello alizuiwa kwa sababu ya suruali, akapewa kitenge ajifunge. Sikumgombeza; hiyo ilikuwa kazi yako. Bustani ni nzuri. Ungemsumbua mtunzaji mpaka akupe mbegu za maua.

Tulipoketi kwenye majani kula, dada yangu Aber alifunua sufuria ya kuku. Alikuwa amemchinja mwenyewe asubuhi, kwa heshima ya mgeni. Hakuna aliyefikiri. Kule kambini kwa polisi, kila sikukuu, ulimpeleka kuku kwa jirani yetu Mwislamu amchinje, ili majirani wote wale pamoja. Tulizoea mno, tukadhani mambo hayo hujifanya yenyewe.

Sulaiti alijipakulia ndizi na mchuzi wa karanga. Aber akamtania: "Mkwe, unaogopa kuku wa Waacholi?"

"Hapana, shangazi. Leo tumbo inataka matoke tu."

Akello aliinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa, nikaiweka nyama yangu kando. Kijana angeweza kutuaibisha, alitusitiri. Kiswahili chake kiliniumiza masikio, lakini sikumsahihisha.

Tukirudi nyumbani, binti yako aliniuliza, "Baba, mama angesema nini?" Bado nawaza wajukuu watasali wapi, na kama watanijia Krismasi. Lakini kila nikitaka kukataa, namwona akila ndizi zake bila nyama, akicheka na Aber.

Wazee wake wanasubiri neno langu. Wewe ungeamua kabla chai haijapoa. Mimi nahitaji muda.

Lala salama, mke wangu. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo. Utajua kabla ya Aber, maana Aber akijua, Kansanga nzima imejua.

Mume wako.