Marumaru Juu ya Kaburi la Baba

Zaghouan,
14 Novemba 2022

Mpendwa Dada Beya,

Natumai barua hii itakukuta wewe na shemeji Nuri mkiwa wazima, na lile goti halikusumbui tena sasa baridi inapoanza huko Grenoble. Sisi hatujambo. Presha ya Mama imeshuka, anakula vizuri, na juzi alikanda mkate mwenyewe akatufukuza jikoni. Mvua zimewahi mwaka huu.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu, ningesikia sauti yako tu, ningeanza kudanganya tena.

Unakumbuka alivyotuusia Baba: "Mimi sanda ya pamba na udongo, basi. Saruji msiniletee, wala marumaru. Mkitaka kunipamba, nipandieni mihadasi." Alifanya kazi bustani ya miche miaka thelathini na moja, na ilimkera kuona kilima cha makaburi kinavyogeuka sakafu. Ulipokosa ndege siku ya maziko uliniambia, "Hedi, nakuachia wewe." Nikakujibu usiwe na wasiwasi.

Dada, sikufanya alivyotaka. Tulimzika kwenye udongo, hilo kweli. Lakini siku ya arobaini, watu wakila kuskusi, Lasaad, kaka yake mke wangu Rim, alisema mbele ya wageni: "Mzee mzima kama yule analazwa kama mtu asiye na watoto?" Watu wakainamia sahani zao. Nikaona aibu, nikajibu kwamba marumaru iko njiani, na hata tofali moja nilikuwa sijaagiza. Wiki tatu baadaye kaburi lilikuwa na kuta za saruji, marumaru nyeupe juu, na jina la Baba kwa herufi za dhahabu.

Mama alipotoka eda akaenda kuliona, aliuliza ni nani aliyeamua. Nilimwambia ni wewe. Ndiyo maana amekuwa akikujibu kwa mkato, nawe ukadhani ni majonzi.

Bado sijamaliza. Ulipoomba picha nilipiga kaburi lililo chini ya la Baba pale kilimani, lenye udongo na mhadasi uliochanua. Lile ni la Bi Khadhra, yule aliyekuwa akituuzia mkate wa moto tukitoka shule. Ukaniandikia kwamba umeibandika ukutani na unaisomea Fatiha kila Ijumaa. Nilisoma ujumbe huo nikiwa kazini, nikailaza simu kifudifudi mezani.

Mwezi uliopita ilinyesha mvua kubwa siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu Ammi Ayyashi, mchimba makaburi, akaniita. Maji yalikosa pa kuzama juu ya marumaru yetu, yakateremka kwa mkondo mmoja na kulichimba kaburi la Bi Khadhra. Mhadasi uling'oka. Mawe yanayomfunika yalibaki wazi.

"Haya ni maji ya baba yako," Ammi Ayyashi akasema.

"Ni ya mvua, Ammi."

"Mvua ilikuwepo tangu zamani, na kilima kilikuwa kinaimeza. Baba yako kaotesha miti maisha yake yote, wewe ukammwagia saruji. Ulikuwa unamwogopa nani, mwanangu?"

Nikamwomba nyundo. Akaninyima. "Kwanza mrudishie jirani udongo wake." Tulibeba udongo kwa makapu mpaka alasiri, ndipo akanipa nyundo. Lasaad alipita njiani, akasimama. "Hedi, unambomolea mzee nyumba?"

"Ndiyo," nikasema. "Chukua kapu utusaidie."

Alicheka akaenda zake. Sasa mkahawani wananiita Mvunja Makaburi, na siwezi kubisha.

Kumwambia Mama ndiko kulikonishinda kwa wiki nzima. Alinisikiliza akichambua dengu, hakuinua macho. "Miezi mitatu nimemnunia binti yangu kwa ajili yako," akasema. Tangu siku hiyo salamu yangu huiitikia, zaidi ya hapo hapana. Amesema atakupigia mwenyewe Jumapili. Tafadhali mpokee, hana kosa.

Ijumaa alikwenda makaburini na miche miwili ya mihadasi bila kuniita. Nilimfuata na ndoo ya maji. Alipanda mmoja kwa Baba, mwingine kwa Bi Khadhra, magoti yake matopeni. Alipomaliza alininyooshea mkono nimwinue. Tulirudi nyumbani, na mkono hakuutoa mpaka mlangoni.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo mwezi wa nne kama ulivyopanga. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege peke yangu, unigombeze njia nzima bila mtu wa kunitetea.

Nisalimie shemeji Nuri, na Sirin mwambie bibi yake anamfumia soksi. Rim na shangazi Mannubiya wanakusalimu. Rim anajua ninachoandika, na ndiye aliyenikalisha hapa mezani.

Mungu akulinde ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye huku nikikuonea haya,

Hedi