Sahani ya Pili Mlangoni pa Gereza

Mama Furaha, mke wangu uliyetangulia,

Salumu amekamatwa tena. Unamkumbuka: yule kijana asiye na ndugu hapa, aliyefungwa zamani pamoja na Kabwe, mtoto wa dada yako. Safari hii ameiba nyavu na taa za Mama Anjela, jirani yetu mjane, na alimtishia kwa panga. Kesho kamati ya kambi inakwenda kwa mwendesha mashtaka, na wameniomba mimi mzee niseme kwa niaba ya wote kwamba afungwe miaka mingi. Nimekubali kwenda. Maneno ndiyo yananitatiza.

Nakumbuka siku vijana wale wawili walipoiba mabati ya shule. Amri mpya ilikuwa imetoka: hakuna tena kusuluhishana, kila mwizi moja kwa moja gerezani. Kambi yetu nzima ya Katanika tulipiga makofi. Wewe hukupiga. Uliuliza, "Nani atawapelekea chakula?"

Nikacheka. "Mama, ile ni gereza, haiko hoteli."

"Njo maana nauliza."

Ulijua kwamba huko mtu hula kinachotoka kwao. Kule kwetu Nyunzu, tulikokimbia, kila mtu alikuwa na shangazi karibu. Sisi wa kambini vita vilitutawanya. Asiye na sahani hula kwa mkono wa kapita, mfungwa anayetawala wenzake, na akitoka humlipa kwa utii. Kwa hiyo ulibeba beseni kichwani hadi mjini, bukari, ugali wetu wa muhogo, na ndakala, dagaa wa ziwani, sahani moja ya Kabwe na nyingine ya Salumu. Ulipougua, Furaha wetu akaendelea, lakini nguvu yake ilitosha sahani moja tu.

Kabwe alitoka amekonda, akaenda kufyatua matofali. Salumu alitoka amenenepa. Tulishangaa unene ule, Mama, na hakuna aliyeuliza nani alimlisha.

Umenizoea, nikisoma sana naogopa kusema zaidi ya ninachojua. Watu wawili si ushahidi. Pengine Kabwe angetulia hata bila bukari yako. Na ni kweli pia kwamba Salumu alipokuwa ndani, nyavu zilibaki mahali pake. Lakini wizi ulipungua zaidi wavuvi walipoanza kulinda kwa zamu, kabla ya mtu yeyote kutaja miaka. Naona mwizi hahesabu miaka; anahesabu macho yanayomwona. Gereza lilitupa mapumziko, kisha likaturudishia mtu mwenye panga. Aliingia kwa ajili ya mabati.

Mchana huu Mama Anjela alikuja.

"Papa Furaha, kesho usituletee mambo ya vitabu. Ule muntu aliniwekea panga hapa." Akagusa shingo. "Afungwe."

"Atafungwa, Mama. Sitamtetea."

"Miaka mingi."

"Na akitoka?"

"Akitoka, mimi njo wa kwanza atanifikia. Unazani sijuwe?"

Aliondoka bila kuaga. Hofu yake ni ya haki, na sina dawa yake. Ndiyo maana kesho nitasema afungwe, kwa kuwa mjane huyu anastahili kulala. Miaka sitaitaja, wengine wataitaja. Kisha nitauliza swali lako, na najua hakuna atakayeinua mkono.

Kwa hiyo jioni hii niliwasha moto nijaribu kupika mwenyewe. Kabwe alipita, akaona madonge sufuriani.

"Papa, hii bukari! Ukimupelekea mufungwa, atasema wamemuongezea azabu."

"Ni ya mfungwa kweli," nikamwambia. "Ni ya Salumu."

Akaacha kucheka. Nilidhani ataondoka, maana hataki hata kusikia jina la mahali pale. Akanipokonya mwiko, akaongeza maji, akaanza kusonga upya. Alisonga akiwa amenipa mgongo.

Sijui kama sahani itamzuia mtu kurudi na panga. Najua tu mkono utakaomlisha nikikaa nyumbani. Watanicheka njiani, mzee mzima na beseni la mke wake, na Mama Anjela huenda asinisalimie tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Beseni lako lilikuwa limetoboka. Nimeliziba. Pumzika, mke wangu; kesho nitalibeba mimi.

Mume wako,
Papa Furaha