Dipstiki Niliyoinunua Jinja

Mbale, Jumapili mchana

Mpendwa Mama Neema,

Natumai karatasi hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba kifua cha Mama kimetulia tangu mvua zipungue. Je, ng'ombe ameshazaa? Mimi mwili hauna neno. Kilichonipungukia ni raha, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza. Soma mpaka mwisho, halafu unitukane utakavyo.

Kwanza, usifunge mizigo. Kama umeshafunga, fungua.

Unakumbuka nilivyokueleza habari za lori la Hajati, yule mama mwenye duka la jumla hapa mjini. Ni lori kuukuu, la gia za kujibadilisha zenyewe, na tulikuwa tunalipokezana mimi na Musa, mwenyeji wa Nabuyonga. Wiki yangu napeleka vitunguu na kabichi Jinja na kurudi na mahindi ya Buwenge, wiki yake naye vivyo hivyo. Mwezi uliopita, nikiwa Jinja, nilipima oili ya giaboksi nikaikuta sawa kabisa. Nilipokuwa nairudisha dipstiki, ule ufito wa chuma wa kupimia, ikakatika mkononi kwa kutu. Nikazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka nikapata nyingine. Iliingia kwenye bomba vizuri, kishikio kikakaa, nami nikajisifu njia nzima. Sikuilinganisha na ile ya zamani. Vile vipande viwili nilivifunga kwa mpira nikavitupa chini ya kiti.

Wiki ya Musa ilipoisha nikalipokea lori, nikaliwasha, nikapima. Dipstiki ilitoka kavu. Chini ya lori hakukuwa na tone la kuvuja. Unaujua mdomo wangu. Hapa kila mtu ana hadithi ya dereva anayefyonza oili akauze kwenye vichupa, basi nilikwenda moja kwa moja dukani, na mbele ya wapagazi na wanunuzi nikamwambia Hajati kwamba Musa ni mwizi. Musa aliitwa. Hakufoka. Alisema tu, "Bwana, mimi hapana toa oili. Hii chuma wewe umetoa wapi?" Nikamjibu asinizungushe. Hajati akamwachisha kazi siku ile ile.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Hajati alishawahi kusema kwamba angekuwa na dereva mmoja tu, angempa vile vyumba viwili vya nyuma ya nyumba yake, hivyo nilivyowaitia mhamie. Nilipokuwa namnyooshea Musa kidole, nilikuwa nimeshaviona vyumba hivyo, nawe umekaa mlangoni unachambua mboga. Sijui kama nilimwona mwizi kwa sababu ya dipstiki au kwa sababu nilihitaji awe mwizi. Nimelifikiria sana, na bado sijui.

Nikaongeza oili mpaka kwenye alama. Juzi, nje kidogo ya Buwenge, nikiwa nimepakia mahindi, lori likaanza kunguruma bila kusonga, na oili yenye povu ikawa inamwagika barabarani. Fundi mmoja Msoga, mwenyeji wa huko, akatambaa chini yake, akatoka, akachomoa dipstiki na kuniuliza ya zamani iko wapi. Akaviunganisha vile vipande, akailaza mpya kando yake. "Bwana, hii si ya roli hii," akasema polepole. "Iko mufupi, vidole vinne." Haikuwa inaifikia oili kabisa. Musa alilirudisha lori likiwa vile vile nilivyompa, na mimi ndiye niliyelijaza kupita kiasi. Tukapunguza oili, likatembea.

Mama Neema, aliyejua ni mimi na fundi yule, naye hamjui Musa wala Hajati. Kufika Iganga nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Halafu nikamfikiria jirani wa kwanza atakayekwambia kwamba dereva aliyepokezana lori na mumeo alikuwa mwizi. Nawe ungekubali, kwa sababu hata mimi nilikwambia hivyo kwenye simu, nikicheka.

Nilipofika dukani nilimwita Hajati pembeni. Alinikatiza. "Simiyu, ulisema mbele ya watu. Sasa watu iko hapa. Sema." Nikasema, wapagazi wakiwa na magunia mabegani. Hajati akanituma nikamwite Musa arudi kazini.

Nilidhani hilo ndilo gumu. Musa alinipokea kwake, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kazi nitarudi. Lakini kule shule mutoto yangu wanaita mutoto ya mwizi. Mimi nimemwambia si kweli, yeye hapana amini. Wewe utamwambia." Akamwita binti yake, wa umri wa Neema wetu. Nikachuchumaa, nikamwambia baba yako hakuiba, mimi ndiye niliyemsingizia. Alikwenda akakaa karibu na baba yake, akamshika mkono.

Sasa tunapokezana lori kama zamani. Hajati hakunifukuza, ila habari ya vyumba imekwisha. Nitabaki kwenye chumba changu kimoja, nanyi mtabaki Kimilili mpaka Mungu afungue njia nyingine. Najua umeshawaaga majirani. Inaniuma. Nilitamani mno tuamke nyumba moja.

Nisalimie Mama, mwambie asiache dawa nusu kwa sababu tu amepata nafuu. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetuangalizia shamba. Msalimie na shemeji yangu fundi cherehani, aliyetushonea mapazia ya vile vyumba. Ayauze tu, sitamlaumu.

Neema akiuliza kwa nini hamji, usimwambie lori limeharibika. Mwambie baba alimsingizia mtu. Nikija, aniulize mwenyewe.

Ni mimi mumeo,
Simiyu